Uyoga kama dawa: kipi ni kweli, na kipi ni maneno ya biashara

Kila mvua zinapoanza kukolea huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, simu ya studio haitulii kwa sababu ya uyoga. Wapo wanaouliza bei. Wapo wanaotuma picha za uyoga waliouokota porini wakitaka tuwaambie kama unaliwa. Hilo hatulifanyi, na sababu yake tutaieleza huko chini.

Lakini swali lililotufanya tukae na kuandaa makala haya lilitoka kwa dada mmoja anayemtunza mama yake mwenye kisukari. Mama aliuziwa mnadani kopo la unga wa uyoga. Aliambiwa akiunywa asubuhi na jioni kwa miezi mitatu ataachana kabisa na vidonge. Yeye hakusubiri hiyo miezi mitatu, aliacha vidonge siku ile ile. Baada ya wiki chache akaanza kukojoa mara kwa mara, kiu haikatiki, na macho yana ukungu. Dada akatuuliza: "Tuendelee na unga au turudi kliniki?"

Tulimjibu wasilale, warudi kliniki. Walirudi, sukari ikakutwa imepanda sana, na mama akarudishwa kwenye dozi. Sasa anaendelea vizuri.

Siku chache baadaye dada yule alituma ujumbe wa pili: "Lakini kopo limeandikwa kwamba wataalamu wa nje wamefanya utafiti wakaona uyoga unatibu. Ina maana wote wanadanganya?"

Hilo ni swali la haki. Jibu fupi ni kwamba hapana, si wote wanadanganya. Uyoga una vitu vya kweli ndani yake. Shida inaanzia pale ukweli mdogo unapokuzwa ili kopo liuzike.

Uyoga ni nini hasa

Wengi tunauita mmea, lakini uyoga si mmea. Hauna majani ya kijani na hautumii jua kujitengenezea chakula. Ni kuvu, ndugu wa hamira ya maandazi na ukungu unaoota kwenye mkate uliolala.

Tunachokiokota ni kama tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizojificha ndani ya udongo au ndani ya gogo. Mvua ikinyesha, nyuzi hizo zinatoa uyoga kama mwembe unavyotoa embe.

Huko chini nyuzi hizo zinagombania chakula na bakteria. Katika kujihami, kuvu wengi hutengeneza kemikali zenye nguvu. Ndiyo maana hospitali zetu zinazo dawa kadhaa zilizoanzia kwa kuvu:

- Penisilini. Mwaka 1928, huko London, Alexander Fleming aliona bakteria wamekufa pembeni mwa ukungu ulioota kwenye sahani yake ya maabara. Dawa iliyotokana na jambo hilo imeokoa mamilioni ya watu.
- Dawa za kushusha lehemu, yaani mafuta mabaya kwenye damu. Katika miaka ya 1970, Akira Endo wa Japani aligundua dawa ya kwanza ya kundi hili kutoka kwenye ukungu. Dawa nyingine ya kundi hilo, nayo ya kutoka kwa kuvu, iliruhusiwa Marekani mwaka 1987.
- Dawa inayowasaidia waliopandikizwa figo wasiikatae figo mpya. Nayo ilitoka kwa kuvu aliyekutwa kwenye udongo wa Norwei.

Kwa hiyo anayesema kuvu wanaweza kutoa dawa hasemi hadithi. Ila tazama jambo moja. Hakuna anayetibiwa kichomi kwa kula mkate wenye ukungu. Kemikali inayotakiwa ilitolewa, ikasafishwa, ikapimwa kiasi, ikajaribiwa kwa watu kwa miaka, ndipo ikawa kidonge.

Na kuvu hao hao hutengeneza sumu pia. Sumukuvu inayotokea kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu ni kazi ya kuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kitu kuwa cha asili hakukifanyi kiwe salama.

Kwanza, uyoga ni chakula kizuri

Tukiacha makopo, faida iliyo wazi kuliko zote iko kwenye sahani. Tuchukue uyoga wa mamama, ule mweupe au wa kijivu wenye umbo la sikio, ambao wakulima wengi sasa wanauotesha kwenye mifuko nyumbani.

Gramu 100 za mamama mbichi zina maji karibu gramu 90, protini gramu 3 hivi, na mafuta chini ya nusu gramu. Zina vitamini za kundi B, madini ya potasiamu, na nyuzinyuzi zinazosaidia choo kuwa laini.

Wengine husema "uyoga ni nyama ya maskini". Tusitiane moyo kupita kiasi. Gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina protini kama gramu 8 au 9, yaani karibu mara tatu ya uyoga mbichi. Usiache maharage, dagaa au mayai ya mtoto kwa sababu kuna uyoga. Ongeza uyoga juu yake.

Kwa mwenye kisukari, uyoga ni mboga rafiki kwa sababu una wanga kidogo. Kwa mwenye shinikizo la damu, una chumvi kidogo sana kwa asili yake. Faida hiyo inapotea ukiukaanga kwenye mafuta mengi na kuumwagia chumvi na viungo vya pakiti.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Uyoga ukianikwa juani, hutengeneza vitamini D, ile inayosaidia mifupa. Ukate vipande, geuza upande wa chini wenye mikunjo utazame juu, uache kwenye jua la mchana hata kwa nusu saa kabla ya kupika. Anayekausha uyoga juani kwa ajili ya kiangazi anapata faida hiyo bila gharama yoyote.

Ndani ya uyoga pia kuna aina ya nyuzinyuzi ambazo wataalamu huziita beta-glukani. Zipo pia kwenye nafaka kama shayiri. Tumboni hupunguza kasi ya sukari na lehemu kuingia kwenye damu. Katika maabara zimeonekana kuziamsha chembe za kinga ya mwili. Hapa ndipo maneno "unaongeza kinga" yanapotoka. Lakini kuamsha chembe kwenye chupa ya maabara na kumponya mgonjwa kitandani ni mambo mawili yaliyo mbali.

Uyoga unaouzwa kama dawa

*Ganoderma.* Huu ndio ulio kwenye makopo mengi, kahawa na chai za uyoga. Ni uyoga mgumu kama ubao, rangi ya kahawia nyekundu, unang'aa kama umepakwa vanishi, na huota kwenye magogo na visiki. Aina za jamii yake zipo hata kwenye misitu yetu. Wachina wameutumia kwa zaidi ya miaka 2000 na wanauita lingzhi. Wajapani wanauita reishi.

Cochrane, taasisi ya kimataifa inayokusanya na kupima ushahidi wa tiba, imeutazama uyoga huu zaidi ya mara moja.

Kuhusu saratani, mwaka 2012 ilikusanya majaribio matano yaliyohusu wagonjwa 373. Ilikuta kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuufanya Ganoderma kuwa tiba ya kwanza ya saratani. Baadhi ya waliotumia pamoja na tiba za hospitali walionekana kuitikia tiba vizuri zaidi, lakini majaribio yenyewe yalikuwa na kasoro, na hayakuonyesha kwamba wagonjwa waliishi muda mrefu zaidi.

Kuhusu kisukari cha watu wazima, mwaka 2015 ilikusanya majaribio matano mengine yenye watu 398. Hayakuunga mkono matumizi ya Ganoderma kwa ajili ya kushusha sukari na kulinda moyo wa mgonjwa wa kisukari. Mama wa yule dada aliacha vidonge kwa ajili ya kitu ambacho kilishapimwa kwa watu wenye ugonjwa kama wake, na hakikuonyesha kazi hiyo.

*Uyoga wa mkia wa bata mzinga.* Hilo ndilo jina lake kwa Wazungu, kwa sababu una mistari ya rangi kama mkia wa ndege huyo. Kitaalamu ni Trametes versicolor. Kutoka kwenye uyoga huu Wajapani walitoa dawa iitwayo PSK, ikaruhusiwa nchini mwao mwaka 1977 kutumika pamoja na tiba nyingine za saratani. Vilevile kutoka kwenye uyoga wa shiitake walitoa dawa ya kuchoma sindano iitwayo lentinani.

Wauzaji huipenda sana habari hii ya Japani. Wanachoacha kusema ni kwamba dawa hizo zilitengenezwa kiwandani kwa kipimo, zilitolewa na madaktari, na zilikwenda pamoja na upasuaji au dawa kali za saratani. Hazikuchukua nafasi ya tiba hizo.

*Mamama.* Hata huu wa kula umefanyiwa majaribio. Bangladesh, mwaka 2007, wagonjwa 89 wa kisukari walipewa uyoga wa mamama kwa siku saba, wakakaa siku saba bila uyoga, kisha wakarudia siku saba nyingine. Siku za uyoga, sukari, shinikizo na lehemu vilishuka. Siku za kukaa bila uyoga, sukari na shinikizo vilipanda tena.

Ni habari njema, lakini ni siku 21 tu na watu 89. Inatuambia kwamba mboga hii inafaa iwe kwenye sahani ya mwenye kisukari. Haituambii kwamba aache vidonge.

Ukisikia "utafiti umeonyesha"

Usibishane na muuzaji. Muulize maswali matatu.

1. Ulifanywa kwa nani? Kwenye chupa ya maabara, kwa panya, au kwa watu? Vitu vingi huua chembe za saratani kwenye chupa. Hata jiki inaziua.
2. Walikuwa wangapi, na kwa muda gani? Watu 20 kwa wiki mbili hawatoshi kukubadilishia dozi ya maisha.
3. Walilinganishwa na nani? Kama hakukuwa na kundi jingine lisilopewa uyoga, huwezi kujua kama ni uyoga uliosaidia, au ni kwamba wagonjwa walianza kujali chakula na kupima sukari kila siku.

Nani awe mwangalifu zaidi

Uyoga wa kawaida wa kula, uliopikwa ukaiva, ni salama kwa watu wengi. Unga na vidonge vya uyoga ni jambo jingine, kwa sababu unakunywa kiasi kikubwa kwa mkupuo na kila siku. Zungumza kwanza na daktari au mfamasia kama:

- Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au unatarajia kufanyiwa upasuaji. Ganoderma inaweza kuongeza kutokwa na damu.
- Unatumia dawa za kisukari au za shinikizo. Vikikutana, vinaweza kushusha kupita kiasi, ukaanguka shambani.
- Umepandikizwa figo au unatumia dawa za kutuliza kinga ya mwili.
- Una ugonjwa wa ini. Wapo wagonjwa wachache walioripotiwa kuumia ini baada ya kutumia unga wa Ganoderma.
- Ni mjamzito au unanyonyesha.

Kwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI au dawa za kifua kikuu, tunasema kwa msisitizo. Ukiruka dozi, virusi na vimelea hujifunza kuizoea dawa, na kuwarudisha nyuma ni kazi kubwa. Hakuna uyoga uliothibitishwa kufanya kazi ya dawa hizo.

Na ninyi wakulima wa uyoga, mnapovuna mamama vaeni barakoa na fungueni madirisha ya banda. Vumbi lake jeupe likivutwa kila siku linaweza kuleta kikohozi na kubana kwa kifua.

Uyoga wa porini: hapa watu hufa

Tulisema hatutambui uyoga kwa picha. Sababu ni kwamba uyoga unaoua unaweza kufanana sana na unaoliwa, na picha ya simu haionyeshi harufu, shina lililofukiwa chini, wala rangi ya unga wake. Tukikosea sisi, inazikwa familia nzima.

Usiamini vipimo vya mitaani. Kuweka sarafu au kitunguu kwenye sufuria uone kama kitabadilika rangi si kipimo. Kuona wadudu au nyani wameula si kipimo, kwani sumu inayomuua mtu inaweza isimdhuru konokono. Kuuchemsha sana au kuukausha hakuondoi sumu kali ya jamii ya Amanita.

Sumu hiyo ina ujanja wake. Mtu anakula jioni, analala vizuri. Baada ya saa 6 hadi 24 anaanza kutapika na kuharisha. Kisha anapata nafuu, watu wanasema amepona. Kumbe ini linaendelea kuharibika, na siku ya pili hadi ya nne macho yanakuwa ya njano na hali inageuka ghafla. Ile nafuu ya katikati ndiyo inayowachelewesha wengi nyumbani.

Kwa hiyo mtu akitapika baada ya kula uyoga, fanya haya:

- Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama amepata nafuu.
- Beba mabaki ya uyoga, mbichi au uliopikwa, hata matapishi.
- Wapelekeni wote waliokula chakula hicho, hata wasioumwa.
- Msimlazimishe kutapika, na msipoteze muda kwa maziwa au mafuta ya kula.

Anayeokota, aokote ule tu ambao wazee wa eneo lake wamekuwa wakiula miaka yote, na akiwa na wasiwasi hata kidogo auache. Uliyemjua kijijini kwenu unaweza kuwa na pacha wake wa sumu ukihamia mkoa mwingine.

Pia usiokote kando ya barabara kubwa, kwenye madampo, wala karibu na sehemu wanakooshea dhahabu kwa zebaki. Uyoga hufyonza zebaki, risasi na metali nyingine kutoka kwenye udongo, na hizo hazitoki kwa kuosha.

Ukitaka kununua unga wa uyoga

Hatumkatazi mtu. Wapo wanaoutumia pamoja na dozi zao na wanasema wanajisikia vizuri. Ila fanya hivi:

- Uliza usajili. Kwa Tanzania, dawa husajiliwa na TMDA. Waganga na dawa za asili husimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002. Muuzaji halali hakasiriki ukimuuliza.
- Soma kopo. Kama halina jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi na orodha ya vilivyomo, liache mezani.
- Beba kopo hilo kliniki siku yako ya kwenda. Usimfiche mhudumu. Hakufokei, anahitaji kujua.
- Endelea na vidonge. Kama kweli sukari au shinikizo limeshuka, mashine itaonyesha, na daktari ndiye atakayepunguza dozi.
- Piga hesabu. Pesa ya kopo moja inaweza kununua mboga za wiki kadhaa, au nauli ya kliniki ya miezi kadhaa.

Na anayekuambia dawa moja inatibu saratani, kisukari, nguvu za kiume, UKIMWI na presha, mshukuru na uondoke. Anayekuambia uache dozi ya hospitali, mkimbie kabisa.

Kwa yule dada

Tulimwandikia hivi. Waliofanya utafiti hawakudanganya. Wao waliandika "huenda", "kwa wachache", "pamoja na tiba nyingine", na "utafiti zaidi unahitajika". Maneno hayo yote yalidondoka njiani kabla ya kufika kwenye kopo.

Tukamwambia pia asimnyime mama uyoga. Achemshe mamama kidogo, amwagie karanga zilizotwangwa, aweke nyanya na kitunguu, chumvi kiduchu, wale na ugali wa kiasi na mboga za majani. Mama anywe vidonge vyake kama alivyoelekezwa.

Alijibu kwa ujumbe wa sauti. Kwa mbali tulimsikia mama akicheka akisema uyoga wa sufuriani una ladha kuliko wa kwenye kopo.

Kama una swali juu ya dawa uliyouziwa, tutumie ujumbe kabla hujaacha dozi, siyo baada ya kuacha. Tutalipeleka kwa wataalamu na kulijibu hewani bila kutaja jina lako.